Jina Limehifadhiwa

Kiwanda kizima kilimwita Bi Wembe, na jina hilo hakupewa kwa ukali wa ulimi, ingawa na huo alikuwa nao. Alipewa kwa ajili ya mashine ya kukatia karatasi. Kwa miaka ishirini na miwili alisimama mbele ya lile lichuma lenye kisu kirefu kama mkono wa mtu mzima, akapanga karatasi, akazigongagonga zikae sawa, akakanyaga pedeli, akakata, na haikutokea hata siku moja kitabu kikatoka chumba cha jalada ukingo wake umekwenda upogo. Wachapaji wa ghorofa ya juu walikuwa na mzaha wao kwamba ukitaka kujua kama rula yako inasema kweli, ipeleke kwa Bi Wembe.

Kazi ilianza saa moja na nusu. Yeye alifika saa moja kasoro dakika kumi. Mlinzi wa getini alishazoea, alidhani mama wa watu anakwepa msongamano wa barabarani. Kumbe Bi Wembe alikuwa na shughuli zake nne, nazo alizifanyia kwenye ngazi ya nyuma, ile ya saruji inayotoka chumba cha jalada kwenda uani, penye mapipa ya karatasi taka na ukuta usio na dirisha.

Kwanza alikunywa maji ya moto matupu, kikombe kimoja, polepole, bila kufanya jambo jingine. Pili alivua viatu akaweka nyayo kwenye saruji, akakaa hivyo mpaka asijue tena ubaridi ni wa saruji au wa miguu yake. Tatu alichukua karatasi moja ya taka akaikunja mara tatu, kila mkunjo akiulaza kwa mfupa wake wa kukunjia, kile kibapa laini ambacho mafundi wa jalada hukipitisha juu ya karatasi ili mkunjo ukae bila kuchanika. Nne alijisalimia. "Umeamkaje?" alijiuliza kwa sauti ya chini, kisha akajijibu ukweli.

Hilo la nne ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote. Sisi watu tunajijua: mtu nyumba yake imeungua jana, ukimwuliza habari za asubuhi atakwambia nzuri, halafu ndipo aongeze kwamba ila nyumba imeungua. Bi Wembe naye mchana kutwa alijibu nzuri kama wenzake. Lakini pale ngazini alikuwa na ruhusa ya kujibu vingine. Kuna siku alijibu, "Vibaya." Kuna siku alijibu, "Sijui bado." Kisha alivaa viatu, akaingia ndani, na mikono yake ilikuwa imetulia.

Mambo haya hakuyazua kwa starehe. Miaka minne nyuma mumewe alifariki siku ya Jumanne, na Jumatatu iliyofuata yeye alikuwa kazini, watu wakamsifu kwa moyo wake wa chuma. Miezi minane baadaye mikono ikaanza kutetemeka. Asubuhi moja aliingia choo cha kiwandani, akaketi sakafuni, akashindwa kuinuka, si kwa maumivu bali kwa kutoona sababu ya kuinuka. Alilazwa siku thelathini na saba katika wodi ya wagonjwa wa akili. Muuguzi mmoja mnene, mwenye sauti ya mtu aliyechoka tangu kuzaliwa, alimwambia achague vitu vidogo mno, vidogo hata aone aibu kuvitaja, ili hata siku ambayo ataamka amevunjika vipande vipande asishindwe kuvifanya. Akachagua maji, miguu, karatasi na salamu.

Kiwandani walijua amekwenda kuuguza ndugu. Barua ya kuomba ruhusa iliandikwa na kupelekwa na mtoto wa marehemu mdogo wake, binti aliyemlea tangu ana miaka sita, ambaye wakati huo alikuwa chuoni. "Mama Mkubwa amekwenda kuuguza," binti alimwambia meneja wa wakati ule, macho makavu, na uongo ule ukashika. Ilibidi ushike. Ukutani, juu ya mashine ya kukatia, palikuwa na tangazo la usalama la herufi nyekundu: mtu yeyote mwenye historia ya kifafa, kizunguzungu, kutetemeka mikono au maradhi ya akili asiguse mashine hii. Bi Wembe mwenyewe ndiye aliyelivisha nailoni tangazo hilo, zamani, kabla halijamhusu. Kila siku alikata karatasi akiwa amesimama chini yake.

Basi binti akamaliza chuo, na kwa bahati ambayo wakati ule waliiita nzuri, akapata kazi palepale kiwandani. Afisa utumishi, mwaka mmoja wa majaribio, ofisi juu karibu na ya Meneja. Meneja mwenyewe alikuwa mpya, mtu wa tabasamu na mikono ya shati iliyokunjwa, aliyekuwa amepagawa na ustawi wa wafanyakazi. Alileta mtungi wa maji kila sakafu. Alibandika kwenye korido picha za milima ya kutuliza akili. Mafundi walipomwomba feni ya chumba cha jalada, ambako gundi ya moto iliwapika kuanzia saa nne, aliwaahidi jambo kubwa kuliko feni: kijitabu cha kurasa kumi na sita kuhusu tabia ndogo za kila siku zinazomweka mtu sawa. Kitazinduliwa Ijumaa. Afisa utumishi ndiye atakayekiandika, na kazi hiyo itahesabiwa katika majaribio yake.

Bi Wembe alifurahi kwa ajili ya binti. Alimkumbusha asiandike sentensi ndefu.

Karatasi zilishuka kutoka kwa wachapaji Jumanne mchana, bado zinanuka wino, mia tatu. Karatasi kubwa ambayo haijakunjwa haisomeki kama kitabu. Nusu ya kurasa zimesimama kichwa chini, na majirani wake si wale utakaowaona baadaye: ukurasa wa tatu unalala ubavuni mwa wa kumi na nne, na nyuma yake wa nne na wa kumi na tatu vivyo hivyo. Fundi wa jalada huzoea kusoma kwa namna hiyo, akirukaruka. Bi Wembe alitandaza ya kwanza mezani, akachukua mfupa wake, akainama aone mkunjo wa kwanza unapita wapi.

Upande wa kulia, ukurasa wa tatu, aliona neno "ngazi".

Akasoma. Fundi mmoja wa jalada, mwanamke wa makamo, huketi kila asubuhi kwenye ngazi ya nyuma. Huvua viatu. Hunywa maji ya moto. Hukunja karatasi. Hujiuliza ameamkaje. Akaigeuza karatasi, akasoma ukurasa wa nne. Baada ya kufiwa na mumewe mikono yake ilitetemeka hata asiweze kushika kijiko. Alilazwa katika wodi ya wagonjwa wa akili kwa zaidi ya mwezi. Leo amesimama tena kwenye mashine yake, kwa nguvu ya tabia nne ndogo. Na chini kabisa, ndani ya mabano, kwa herufi za mlalo: jina limehifadhiwa.

Alirudi upande wa kwanza. Ubavuni mwa ukurasa wa tatu, ukurasa wa kumi na nne ulikuwa na kichwa cha habari "Shukrani", na mistari michache tu. Kwa Mama Mkubwa, aliyenifundisha kukunja karatasi kabla sijajua kuisoma. Kila kizuri kilichomo humu ni chako. Bi Wembe aliusoma mstari huo mara mbili, na hasira yake, ambayo ilikuwa inapanda vizuri, ikajikwaa.

Chumbani alikuwamo na mzee wa gundi, fundi mwenzake, mtu wa maneno machache aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu. Alimwuliza kuna nini. Bi Wembe akasema hakuna kitu, wino haujakauka.

Alipanda juu. Binti alikuwa anabandika picha ya mlima. Alipomwona akatabasamu, akafunga mlango, akamwita Mama Mkubwa kama nyumbani, maana mbele za watu alijitahidi kumwita Bi Wembe kama wengine. Aliuliza kama amekiona kijitabu. Bi Wembe akasema amekiona.

"Sikuandika jina," binti alisema haraka, kwa kuwa aliusoma uso wake. "Umeona? Limehifadhiwa."

"Kiwandani humu mafundi wa jalada wanawake tuko wangapi?"

Binti alitazama dari kana kwamba hesabu ilikuwa ngumu. "Mmoja."

"Basi umelihifadhi pazuri."

Binti aliketi. Alieleza kwamba aliandika kwanza mambo ya vitabuni, kulala mapema, kutembea, kupumua, na yote yalikuwa baridi kama karatasi yenyewe. Akakumbuka kwamba kitu pekee alichowahi kukiona kwa macho yake kikimrudisha mtu kilikuwa kile cha Mama Mkubwa. Wakiwapo humu wengine wanaolia chooni, akasema, si wangependa kujua kwamba inawezekana kuinuka? Halafu sauti yake ikabadilika. Alisema alikuwa na miaka kumi na tisa, na zile ngazi za hospitali alizipanda siku thelathini na saba na chupa ya supu mkononi, akiingia wodini anacheka, akitoka analia. "Ile hadithi ni yangu pia, Mama Mkubwa."

Hapo alisema kweli, na Bi Wembe alijua ni kweli, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Ungekuwa umbeya wa mtu baki angejua pa kumshika. Aliuliza kama Meneja amekwisha kusoma. Binti akasema Meneja amesoma dibaji yake tu, ile aliyoiandika mwenyewe, ukurasa wa pili. Mengine alisema atayasoma Ijumaa pamoja na wenzake ili ashangae nao. Bi Wembe alimkumbusha tangazo la herufi nyekundu. Binti akaguna, akasema hakuna anayelisoma tangazo lile, na mtu akishapona amepona. Kwa umri wake, alikuwa bado anaamini kwamba mambo ndivyo yalivyo.

"Itoe," alisema Bi Wembe.

Binti alisema karatasi zimekwisha kuchapwa, bajeti ya karatasi nyingine haipo, na Ijumaa imebaki siku tatu. Alisema majaribio yake yanaisha mwezi huu. Alisema kwa upole mno, akimshika mkono, kwamba hana sababu ya kuona aibu. Bi Wembe alijibu kwamba aibu hana, ana kazi. Akashuka.

Sasa, kuna jambo ambalo mtu wa nje halijui kuhusu kitabu. Huwezi kung'oa ukurasa mmoja. Kila jani limeunganishwa na mwenzake kule upande wa pili, ni karatasi moja iliyokunjwa katikati, na ukimtoa huyu unamtoa na yule. Ukurasa wa tatu na wa nne ukiuchomoa, wa kumi na tatu na wa kumi na nne unakufuata mkononi. Ukurasa wa kumi na tatu ulikuwa na mchoro wa mtu anayepumua. Huo usingemwumiza mtu. Wa kumi na nne ulikuwa shukrani.

Bi Wembe alilala na jambo hilo, kisha Jumatano akafika getini saa kumi na mbili na robo.

Alizikunja karatasi, akakata vichwa, zile kingo za juu, ili mikunjo ifunguke, akachomoa jani la pili kutoka nje, akaigonga iliyobaki ikae sawa, akaipiga pini. Kimoja, kingine, kingine. Ilikuwa kazi ya upole, na aliifanya vizuri, kwa kuwa hakujua kuifanya vibaya. Vijitabu vilikaa sawa kama vimezaliwa na kurasa kumi na mbili. Asubuhi hiyo hakunywa maji, hakuvua viatu, hakujiuliza ameamkaje, maana mia tatu ni nyingi na saa moja na nusu haikusubiri mtu. Alhamisi ilikuwa hivyo hivyo. Kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu na zaidi alikata karatasi bila kupita kwenye ngazi, na alasiri ya Alhamisi aliona kidole chake kidogo kikicheza chenyewe juu ya meza. Alikifunika kwa kiganja cha pili.

Mzee wa gundi aliliona gunia la majani yaliyochomolewa. Aliinua kijitabu kimoja akakipima mkononi.

"Kimepungua uzito hiki," alisema.

"Karatasi nyepesi."

Mzee alikirudisha mezani. "Mimi siku hizi macho yangu yanaona gundi tu," alisema, akageukia chungu chake, na hakuligusia tena. Ijumaa asubuhi Bi Wembe alimaliza vijitabu hamsini vilivyobaki, akaburuta gunia hadi kwenye pipa la uani, akafunika na mabaki mengine. Jani moja alilikunja akalitia mfukoni. Hakujiuliza kwa nini.

Uzinduzi ulikuwa saa nne. Bi Wembe alidhani utafanyika ukumbini. Alipofungua mlango wa nyuma kupeleka taka, akakuta ngazi yake imejaa viatu.

Watu arobaini walikuwa wamekaa kwenye ngazi na uani, peku, kila mmoja na kikombe. Mhasibu alikuwa na tundu kwenye soksi na alikataa kuivua. Meneja alisimama katikati, suruali imekunjwa hadi ugokoni, uso umemng'aa. Alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo lililofanya mambo yawe magumu. Kwenye ukurasa wa saba, ambao Bi Wembe hakuwa ameugusa, zoezi lilielezwa hatua kwa hatua kwa ajili ya wote, bila hadithi ya mtu, na mahali palitajwa: ngazi ya nyuma. Meneja aliwaongoza. Wakanywa maji. Wakabandika nyayo sarujini, wengine wakipiga kelele kwa ubaridi. Wakakunja karatasi, upogo upogo, kwa kucha. Kisha Meneja akapaza sauti, "Umeamkaje?" na wote wakajibu kwa pamoja kama darasa la watoto, "Salama!" Akasema hakusikia. Wakarudia kwa nguvu zaidi.

Bi Wembe alisimama mlangoni na ndoo yake ya taka. Alijisikia kama mtu aliyekuta nguo zake za ndani zimeanikwa barabarani, na watu wanazisifu.

Halafu Meneja akamkaribisha mwandishi. Binti alisimama ngazi ya juu, peku naye, kijitabu mkononi. Alisema hatasema mengi, atasoma ukurasa mmoja tu, kwa kuwa mwenye ukurasa huo yupo hapa leo. Alimtafuta Mama Mkubwa kwa macho, akamwona mlangoni, akamtabasamia kama vile hakukuwa na ugomvi wowote Jumanne. Akafungua mwishoni. Akageuza jani. Akarudi nyuma. Kumi na mbili, kumi na tano. Kumi na mbili, kumi na tano.

"Shukrani hazipo," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto wa miaka sita.

Kila mtu akafungua chake. Mhasibu, kwa kuwa alikuwa mhasibu, ndiye aliyesema kwamba kurasa za tatu na nne nazo hazipo, katika vyote. Wachapaji walianza kujitetea kabla hawajashtakiwa. Mmoja wao alipanda ngazi mbio akarudi na karatasi nzima iliyochapwa, moja ya zile za majaribio, ili aonyeshe kwamba kwao kurasa zilikuwa kumi na sita na kosa si lao. Akamkabidhi Meneja. Na Meneja, ambaye hakuwa amesoma chochote ila dibaji yake na lile zoezi, akaitandaza juu ya goti, akaigeuzageuza apate kichwa chake, akasoma. Bi Wembe aliona macho yake yakishuka mstari hadi mstari. Laiti angaliacha kurasa zile mahali pake, labda mtu angezipita tu, kama watu wanavyopita maandishi. Sasa zilisomwa kwa umakini ambao hakuna ukurasa wowote wa kiwanda kile uliowahi kusomwa nao.

Meneja aliinua uso. Hakuangalia uso wa Bi Wembe, aliangalia mikono yake.

"Bi Wembe," alisema taratibu, kama mtu anayeongea na paka aliye juu ya bati. "Hizi kurasa umezisahau, au umezitoa?"

Bi Wembe aliweka ndoo chini. Jibu alikuwa nalo, fupi, limekaa sawa mdomoni. Nimezitoa. Nimezitoa kwa kuwa ni zangu. Angefukuzwa kwa kuharibu mali ya kiwanda, lakini angetoka getini akiwa mtu mwenye akili zake timamu aliyefanya jambo kwa makusudi. Alivuta pumzi.

"Hajisikii vizuri," binti akasema. Aliwahi, kama alivyowahi siku ile ya barua, na macho yalikuwa makavu vilevile. "Wiki hii nzima hajisikii vizuri, Meneja. Mimi naishi naye. Najua."

Meneja akatikisa kichwa polepole kwa huruma. Mtu mmoja akasema pole, na wengine wakaitikia, pole, pole sana, Bi Wembe. Mzee wa gundi peke yake alikuwa ameinama, anavaa viatu vyake. Bi Wembe angeweza bado kukanusha. Lakini mtu aliyewahi kulazwa wodi ile akisema haumwi, watu huiona hiyo nayo kuwa dalili, na angelazimika pia kueleza mbele ya wote kwa nini alizitoa, na nani alimfikisha hapo, mwezi ambao binti anapimwa. Alitazama mikono yake. Ilikuwa imetulia tuli. Hakuna aliyeona.

Jioni ile nyumbani walikaa sebuleni, taa imewashwa mapema. Binti alieleza bila kuulizwa. Angesema ni makusudi, wangemfukuza papo hapo, bila kiinua mgongo. Mgonjwa hafukuzwi, mgonjwa huhamishwa tu. Alisema alikuwa na sekunde moja ya kuamua.

"Nimekuokoa, Mama Mkubwa."

Bi Wembe alitoa lile jani mfukoni, akalilaza mezani, akalinyoosha kwa kiganja. Upande mmoja wodi, upande mwingine shukrani.

"Mara ya kwanza ulidanganya kwamba siumwi," alisema. "Mara hii umedanganya kwamba naumwa. Ile ya kwanza nilikutuma."

Binti alilia. Bi Wembe alimwacha alie, kisha akaenda kumletea maji, kwa kuwa ndiye aliyemlea.

Barua ya uhamisho ilitoka Jumatatu, imesainiwa na afisa utumishi kwa niaba ya Meneja. Kwa kuzingatia afya yako. Alipelekwa stoo ya vifaa, chumba chenye rafu tatu, meza na kiti ambacho Meneja mwenyewe alikitafutia mto. Kazi ilikuwa kugawa kalamu na kuandika nani amechukua bahasha. Mashine ya kukatia alipewa mtu wa ghorofa ya juu aliyefundishwa kwa siku mbili. Katikati ya wiki mzee wa gundi alishusha stoo furushi la daftari mpya, akaliweka mezani, akapitisha kidole kwenye ukingo wake. Ulikuwa umekwenda upogo.

Ngazi ya nyuma sasa ilikuwa na ratiba. Kila asubuhi walikaa watu kwa zamu, idara kwa idara. Bi Wembe alianza kufika saa moja na nusu kama wafanyakazi wote. Alijaribu kuzifanya shughuli zake nyumbani, kwenye kizingiti cha jikoni. Maji yalishuka. Miguu ilipoa. Karatasi ilikunjika, kwa shida kidogo. Lakini kila alipojiuliza ameamkaje, kabla hajajibu, alisikia watu arobaini wakimjibia kwa nguvu, na jibu lake mwenyewe halikusikika tena. Siku ya nne hakujiuliza.

Jumatatu ya pili binti aliingia stoo na ubao wa kuandikia mkononi. Majaribio yake yalikuwa yamepita vizuri, na Meneja alikuwa amebuni fomu. Kila mfanyakazi alikuwa na mstari wake na visanduku vinne, na afisa utumishi alipita kila chumba kuweka tiki. Alikuwa amekonda. Alisimama upande wa pili wa meza kama mteja aliyefuata bahasha.

"Maji?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Bi Wembe alisema amekunywa. Miguu, akasema tayari. Karatasi, tayari. Kalamu ikasogea sanduku baada ya sanduku, ikafika la mwisho, ikasita. Binti aliinua macho. Alikuwa mtu pekee katika dunia nzima anayejua kwamba swali lile liliwahi kuwa na majibu mengine, na sasa alilisubiri jibu, kweli alilisubiri.

"Umeamkaje, Mama Mkubwa?"

Chini ya meza, mapajani, mikono ya Bi Wembe ilikuwa inatetemeka, na alikuwa ameishika mmoja kwa mwingine ili isigonge droo. Alimtazama mtoto wa mdogo wake.

"Salama," alisema. "Weka tiki, mwanangu."

Binti aliinamisha kichwa, akaweka tiki, akahamia mstari wa mtu mwingine.